Sahani Juu ya Meza ya Msuluhishi

Siku saba nzima Bi Muzna amesimama kwenye kizingiti cha ofisi ya Msuluhishi, mkono kifuani, macho yamemtoka. Wapo wasomaji waliotukasirikia kwa kumwacha pale, mwanamke wa watu, tena na saumu yake. Haya, leo anaingia.

Juu ya meza palikuwa na sahani. Kubwa, nyeupe, ina maua ya buluu ukingoni. Bi Muzna hakuwa na haja ya kuigeuza. Alijua kuwa chini yake kuna herufi M ya rangi ya kucha, aliyoichora kwa mkono wake ili vyombo vyake visipotee vikienda kwa watu.

Nyuma ya meza alikaa Bwana Mahfoudh, Msuluhishi wa Malalamiko. Mbele yake, miguu ameipishanisha, alikaa Bwana Amjad, meneja wa Makaazi, lile shirika la akiba na mikopo ya nyumba lililoshika hati ya nyumba ya Bi Muzna ya Kiponda. Amjad alikuwa anatabasamu.

"Karibu, Bi Muzna," alisema, utafikiri ofisi ni yake. "Sahani hii unaijua?"

Rasha, binti wa Bi Muzna, alimvuta mama yake buibui kwa nyuma. "Mama, usimjibu."

"Kwa nini nisimjibu? Naijua. Yangu."

Amjad alimgeukia Msuluhishi. "Umesikia? Kakiri mwenyewe."

Sasa, kama wiki zilizopita ulikuwa safarini, nisikilize haraka haraka, maana hatuna nafasi.

Marehemu Amour, mume wa Bi Muzna, alikopa Makaazi ili ajenge upya ukuta wa nyuma ulioporomoka wakati wa masika. Kila mwezi alikatwa na pesa ya bima, kwa ahadi kwamba akifa yeye, deni nalo limekufa. Akafa. Deni halikufa. Makaazi walisema mjane alitakiwa afike mwenyewe ofisini kwao Darajani ndani ya miezi mitatu kuidai bima ile, na yeye kafika mwezi wa tano, kachelewa, basi.

Kachelewa! Mwanamke yumo ndani ya eda ya miezi minne na siku kumi, hatoki mlangoni, haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, halafu alitakiwa akapange foleni Darajani. Na waliosema hivyo ni watoto wa mji huu huu, mama zao wamekaa eda na dada zao wamekaa eda.

Alipokwenda kwa Msuluhishi akaambiwa subiri, kanuni zinataka kwanza shirika lenyewe litoe neno lake la mwisho. Hilo neno la mwisho ndilo lililomtoa roho. Makaazi walimpa maneno ya kila aina isipokuwa hilo. Njoo kesho. Meneja yuko mazikoni. Faili liko juu. Faili limeshuka. Mwenye ufunguo wa kabati kenda Hija. Bi Muzna alizipanda ngazi zile mpaka walinzi wakawa wanamuuliza hali ya watoto. Neno la mwisho alilipata siku dalali alipobandika tangazo la mnada mlangoni kwake.

Hapo ndipo Bwana Mahfoudh alipolipokea lalamiko. Yeye hakuajiriwa na Makaazi wala hakuajiriwa na mteja, na likiwa mkononi mwake, nyumba haiguswi na mtu. Akimpa haki mteja, shirika halina njia ya kukataa. Lakini akiliachia, mnada unaendelea pale pale ulipokatika. Na mnada wenyewe ulikuwa uwe leo.

Haya, turudi mezani.

"Bi Muzna," alisema Mahfoudh kwa sauti ya chini, "juzi ulileta mkate wa kumimina nyumbani kwangu?"

"Naam. Nilimpelekea Hamda, mkeo."

"Kwa nini?"

Bi Muzna alimkodolea macho. "Kwa nini? Ramadhani hii, Bwana Mahfoudh! Napeleka kila mwaka. Hamda nimesoma naye chuo cha Kurani tokea tunavaa mitandio ya kushonewa. Mwaka huu nisipeleke aseme nimemnunia?"

"Una lalamiko mbele ya mume wake," alidakia Amjad, "halafu unampelekea mume wake kitu cha kula. Hilo mjini kwetu lina jina."

"Mkate!" Rasha alishindwa kujizuia. "Mtu anahongwa kwa mkate wa mchele?"

"Hongo haina kipimo, mwanangu."

Bi Muzna alihisi uso unamwaka moto. Hakuwa amefikiri. Wallahi hakuwa amefikiri. Alikuwa amemimina mkate katika sufuria, akaupamba kwa zabibu, akauweka katika sahani nzuri kuliko zote, akamtuma mtu, akaenda kusali. Mikono ilikuwa imeshazoea, miaka nenda miaka rudi.

"Na mimi," alisema Mahfoudh kwa unyonge, "niliula. Vipande viwili. Sikuuliza umetoka wapi. Nani anauliza wakati wa kufuturu?"

"Basi ushajibu," alisema Amjad. "Huwezi kusikiliza lalamiko hili. Jitoe."

Duni, karani wa Msuluhishi, aliinua kalamu yake na kumtazama bosi wake. Mahfoudh alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake, na Bi Muzna aliona nyumba yake inakusanywa pamoja nazo.

Ndipo macho yake yakarudi kwenye sahani.

"Bwana Amjad," alisema taratibu. "Hii sahani yangu umeipata wapi wewe?"

"Imenifikia."

"Imekufikiaje? Mie nimeipeleka kwa Hamda, Mkunazini. Wewe unakaa Bububu. Imekwenda kwa miguu?"

Tabasamu la Amjad lilipungua kidogo. Mahfoudh aliacha kukusanya karatasi.

"Nakuuliza, baba. Hamda hajanirudishia sahani yangu mpaka leo, nami najua kwa nini. Hamda si mtu wa kurudisha chombo cha mwenzake kitupu. Kairudisha, ina vitu ndani yake. Lakini kakosea nyumba. Kairudisha kwenu, akidhani ni yenu!" Alimwelekezea kidole. "Na asingeirudisha kwenu kama na nyinyi hamkumpelekea kitu!"

Rasha alicheka kwa sauti, kisha akajiziba mdomo.

Mahfoudh hakumwuliza Amjad neno. Alivuta simu ya mezani akazungusha namba ya nyumbani kwake. "Hamda? Sikiliza. Juzi nyumba ya Amjad walituletea chochote?" Alisikiliza. "Biriani? Na chombo chao umekirudisha? Na kaimati ndani yake. Aa. Hapana, hakuna kitu. Usitoe chombo tena mpaka nije."

Akaiweka simu chini. "Ile biriani," alisema, akimtazama Amjad, "nayo niliila."

"Wake zetu hao," alisema Amjad, na safari hii hakutabasamu. "Mimi sikujua."

"Wala mimi sikujua ya mkate. Basi nimelishwa na pande zote mbili, hakuna aliyemzidi mwenzake. Duni, andika hivyo, na uandike kuwa sijitoi. Lalamiko linaendelea."

Bi Muzna alishusha pumzi mpaka Rasha akazisikia. Kama mambo ya ofisi yangekuwa yanamalizika hivyo, hadithi hii tungeifunga leo mkaenda zenu kupika futari. Hayamaliziki hivyo.

Maana Mahfoudh alimgeukia, na swali alilomuuliza lilikuwa ni lile lile ambalo kila alipoulizwa huko nyuma alilikwepa.

"Bi Muzna, eda naijua. Kila mtu hapa anaijua. Lakini ungeweza kumtuma mtu Makaazi akuombee muda. Hukumtuma. Kwa nini?"

"Niliambiwa nisitume."

"Na nani?"

Amjad alikuwa anatazama kucha zake. Alikuwa ametulia kabisa, na utulivu wake ulimchoma Bi Muzna kuliko maneno yake yote. Alikuwa anajua hatasema. Alikuwa anajua mwanamke wa heshima, wa nyumba ya watu, hawezi kusimama mbele ya wanaume na mbele ya binti yake akasema lile lililotokea. Mwezi baada ya mwezi Makaazi walikuwa wanakula kwa aibu yake.

"Nakuuliza mara ya mwisho," alisema Mahfoudh. "Ukinyamaza, nitaandika kuwa huna sababu."

Yakamfika shingoni.

"Na huyu!" alisema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Na huyu aliyekaa hapa! Siku ya hitima ya Amour. Mie nimo ndani ya eda, nimekaa nyuma ya pazia. Akaja mpaka penye pazia, akasema, mjane akae eda yake kwa utulivu, mambo ya bima tutayatengeneza wenyewe, asitume mtu kuja kusumbuka. Na mie nikamjibu."

"Mama!" alisema Rasha.

"Nilimjibu, Rasha. Mume wangu hata arubaini yake haijafika, na mie nasema na mwanamume nyuma ya pazia. Nilimwambia ahsante. Nilimwombea dua! Sikukwambia wewe, sikumwambia mtu, nikihisi nimevunja eda yangu kwa neno moja. Na yeye kwa neno hilo hilo ananitoa nyumbani kwangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta. Alikuwa amechoka kuwa na adabu.

Amjad alitikisa kichwa kwa huzuni ya kutengeneza. "Astaghfirullah. Bwana Mahfoudh, umeona mambo haya? Mimi nizungumze na mwanamke aliyemo edani? Mimi? Nimelelewa mie." Aliinama mbele. "Na hata tuseme yupo aliyesema hayo, atajuaje ni mimi? Alikuwa nyuma ya pazia. Nani alimwona? Nani alimsikia?"

"Nilisikia sauti yako."

"Sauti! Shahidi wako nani, Bi Muzna?"

Hakuwa naye. Upande wa wanaume siku ile ulijaa, na yeye hakumwona hata mmoja wao. Aliangalia sakafu.

Mahfoudh alivua kofia yake. Aliiweka juu ya meza, pembeni ya sahani, akajipangusa kipaji.

"Bwana Amjad," alisema hatimaye. "Siku ile ya hitima ulikaa karibu na nani?"

"Watu walikuwa wengi. Nitakumbuka?"

"Ulikaa karibu na mimi."

Amjad aliishusha miguu aliyoipishanisha.

"Nilikuwa bado sijapewa kazi hii," aliendelea Mahfoudh. "Nilikwenda kama alivyokwenda kila mtu, Amour tulikuwa tunakutana naye msikitini. Baada ya dua uliinuka ukenda penye pazia. Mimi nilikuwa nyuma yako nasubiri kutoa taazia. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Niliyachukua ni maneno ya kufariji, nikayasahau. Na katika lalamiko lake Bi Muzna hakuyataja, basi sikuwa na la kunikumbusha mpaka sasa hivi."

Bi Muzna aliinua uso. Alikuwa naye! Shahidi wake alikuwa amekaa mbele yake muda wote huu, kavaa miwani, anamuuliza maswali!

"Basi yamekwisha!" alisema Rasha. "Ushasikia mwenyewe. Mpe haki yake."

Lakini Mahfoudh alikuwa anatikisa kichwa. "Hayajakwisha, binti yangu. Nikiwa kwenye kiti hiki mimi ni Msuluhishi. Siwezi kuamua kwa nililolisikia mimi mwenyewe, inabidi niamue kwa yaliyoletwa mbele yangu, na yaliyoletwa ni neno la mama yako na neno la huyu. Kwa hayo tu siwezi kumpa haki." Alimeza mate. "Nikitaka kusema nililolisikia, niseme kama shahidi. Na shahidi hakai kwenye kiti hiki. Nitakiacha, na lalamiko litangoja ateuliwe mwengine."

"Na nyumba?" aliuliza Bi Muzna.

"Mpaka ateuliwe huyo mwengine, nyumba haina wa kuizuia."

Hapo Bi Muzna alisimama. Alipiga meza kwa kiganja, sahani ikaruka.

"Ngojeni! Ngojeni nielewe. Nikitaka haki napoteza nyumba. Nikitaka nyumba nisalie bila ya haki, mpaka lalamiko lifungwe niipoteze vile vile. Ndiyo hivyo? Kanuni hizi kaziandika nani? Ana mama huyo? Nimezungushwa, nimepandishwa, nimeshushwa, nimeambiwa niseme, nimesema mpaka la aibu yangu, na sasa mnanambia nimesema mbele ya mtu siye?"

Mahfoudh aliishika sahani isianguke.

"Mwenye lalamiko ni wewe," alisema kwa upole. "Nikae au niondoke, nitafuata utakalosema."

Bi Muzna alimtazama Amjad. Alimwona anavyosubiri, anavyopiga hesabu zake, na akajua kuwa mtu huyu alikuwa ana njia ya kushinda kila upande. Basi angalau asishinde kwa uongo.

"Ondoka kwenye kiti, Bwana Mahfoudh," alisema. "Useme ulilolisikia, na Duni aliandike. Nyumba nitaipigania kwa njia nyengine. Lakini sitanyamaza tena."

Mahfoudh aliinuka. Aliizunguka meza, akaja akakaa kwenye benchi la wateja, karibu na Rasha. Alisema jina lake, akala yamini, akasema yote, neno kwa neno, kuanzia dua mpaka pazia. Duni aliandika bila ya kuinua kichwa. Bi Muzna alisikiliza maneno yale yakitoka katika kinywa cha mtu mwengine, na tangu Amour afe hakuwa amepata raha kama ile.

Ilidumu mpaka Mahfoudh alipotia saini.

"Vizuri sana," alisema Amjad, akisimama na kujikung'uta kanzu. "Sasa lalamiko halina mwenyewe." Alitoa simu yake ya mkononi, miaka ile bado ilikuwa ni kitu cha kuoneshana, akabonyeza namba kwa madaha ili kila mmoja aone. "Masoud? Amjad hapa. Nakupa ruhusa rasmi. Anza mnada wa nyumba ya Kiponda."

Dalali Masoud ana sauti ya minadani, na simu haikuweza kuizuia. Ilisikika mpaka kwenye benchi.

"Mnada gani tena, bosi? Nshauza! Tangu asubuhi, si ndivyo ulivyonambia? Mnunuzi yumo ndani hivi sasa anapima vyumba!"

Amjad aliibana simu sikioni, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Simu ile ilikuwa ya maonyesho tu. Alitaka watu wa kusema baadaye kwamba amri ya kuuza ilitoka baada ya Msuluhishi kuondoka kitini, na yule mpumbavu wa upande wa pili hakuelewa kuwa anatakiwa aseme sawa bosi akate.

"Asubuhi!" Mahfoudh aliruka kutoka kwenye benchi. "Asubuhi mimi nilikuwa kwenye kiti! Lalamiko lilikuwa mkononi mwangu! Mnada huo ni batili!"

"Batili kwa neno la nani?" Amjad aliuliza. Alikuwa ametahayari, lakini akili yake ilikuwa bado inafanya kazi. "La Msuluhishi? Yuko wapi? Mimi namwona shahidi tu hapa."

Bi Muzna aligeuka kukitazama kile kiti nyuma ya meza. Kilikuwa kitupu. Mtu mmoja tu katika kisiwa kizima ndiye angeweza kuubatilisha mnada ule leo hii, na yeye Bi Muzna, kwa kinywa chake, ndiye aliyemwambia ainuke.

Alifahamu yote kwa pamoja. Ile sahani, yale makelele ya hongo, kule kudai shahidi, yote yalikuwa ni ya kumkalisha hapa wakati nyumba inauzwa.

"Wamevunja mlango wangu," alisema. "Rasha, twende. Wamenivunjia mlango."

Masoud alikuwa hajakata simu. "Bosi, mwambie huyo mama atulie," sauti ilipaa. "Hatukuvunja kitu sisi. Mnunuzi kafungua kwa ufunguo wake."

Bi Muzna alisimama wima. Mlango ule una kufuli la zamani, na funguo zake ni mbili tu duniani. Alitia mkono ndani ya mkoba wake, akaupapasa ufunguo wake, akaupata. Upo.

Aligeuka taratibu kumtazama binti yake.

Rasha alikuwa ameegemea ukuta, mkoba wake ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema, "kaniapia anauazima tu."